Mfuga Kuku wa Frimley

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Yakitajwa mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki kule Uingereza, wengi huanza na Malkia Victoria. Ni kweli, Julai 1860 alifungua mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki pale Wimbledon. Bunduki ilikuwa imeshafungwa kwenye egemeo na kulengwa. Yeye akavuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye kifyatulio, risasi ikaenda yadi 400. Mimi lakini leo nataka tumkumbuke mfuga kuku.

Mwaka 1890 mashindano yalihamia Bisley, jimbo la Surrey. Ikaja vita ya Makaburu kule Afrika Kusini. Makaburu hao, wengi wao wakulima, waliwaonyesha askari wa Uingereza cha mtema kuni kwa jinsi walivyojua kulenga, na hapo Lord Roberts, aliyekuwa kamanda wa jeshi la Uingereza, akawahimiza raia wajifunze kulenga. Vilabu vya bunduki ndogo vikaenea mijini na vijijini.

Pale Bisley, jaribio kubwa ni yadi 1,000, karibu mita 914. Umbali huo upepo wa kawaida tu unaisogeza risasi zaidi ya mita moja, hivyo mlengaji hulala kifudifudi akizitazama bendera kandokando ya uwanja, asifyatue mpaka ameusoma upepo. Huko mbele, ndani ya handaki, watu huishusha shabaha, huziba tundu kwa karatasi, huweka alama mahali risasi ilipopita, kisha huipandisha tena. Na hayo hufanyika kila risasi moja! Kwangu mimi watu wa handakini wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa.

Sasa, mwaka 1930. Marjorie Foster, mwanamke aliyefuga kuku Frimley, mwendo mfupi kutoka Bisley, aliingia kuwania Tuzo ya Mfalme, kubwa kuliko zote. Hakukuwa na daraja la wanawake; alilala kwenye nyasi zilezile na maofisa wa jeshi waliokuwa wakilenga kwa kazi. Alimshinda luteni mmoja kwa pointi moja tu. Wakambeba juu ya kiti, kama ilivyo desturi ya mshindi, umati ukishangilia.

Nawasihi msilione jambo hilo dogo. Mwanamke mwingine kuitwaa tuzo hiyo alikuwa Joanna Hossack, mwaka 2000, miaka 70 baadaye.