Kumpandia Ken nywele nyumbani

Ndugu zangu, karibuni. Mwanasesere wa kike akipandwa nywele vibaya, urefu wake unamsitiri. Wa kiume hana stara hiyo. Nywele ni fupi, kila tundu linaonekana, na unywele uliochomekwa wima utasimama wima hata umpake nini. Kwa hiyo leo nitakaa zaidi kwenye ukingo wa mbele na mwelekeo wa nywele.

Hata Mattel wenyewe, kampuni inayomtengeneza Ken, mwanasesere wa kiume mwenza wa Barbie, walihangaika. Ken wa kwanza, mwaka 1961, alibandikwa kichwani nyuzi fupi laini kwa gundi, zikilowa, zinabanduka. Mwaka uliofuata akapewa nywele za plastiki zilizofinyangwa pamoja na kichwa. Za kupandwa alizipata 1973. Basi tazama kichwa ulichonacho. Kikiwa na matundu, endelea. Kikiwa cha plastiki ngumu ya kufinyangwa, mimi nakushauri utafute kingine.

Kitumbukize kichwa kwenye maji ya moto dakika chache, shingo ilainike, ndipo ukivute taratibu. Nyoa nywele za zamani, masalia uyatoe kwa ndani kwa kibano. Kichwa kikikauka, paka utosi rangi ya akriliki inayokaribiana na nywele mpya. Wengi wanairuka hatua hii, nami inaniuma kila nikiona, kwa sababu kazi nzuri ya sindano inaharibiwa na ngozi inayochungulia katikati ya nywele.

Nywele gani? Saran, aina ya nyuzi za plastiki, ni nzito na inalala vizuri, inafaa mtindo wa njia pembeni. Kanekalon mnaifahamu, rasta nyingi za kusukia zimetengenezwa kwayo. Ni nyepesi na inatuna. Kwa Ken mweusi mwenye nywele za kujisokota, mimi huchagua hiyo.

Katika kupanda, naipenda njia ya fundo. Unafunga fundo mwishoni mwa nyuzi chache, unaingiza sindano kwa shingoni na kuitokeza tunduni, fundo linabaki ndani. Inachosha vidole, lakini shungi halichomoki na huhitaji gundi. Anza mbele na kwenye panja, nyuzi chache kuliko za utosini, maana nywele za mwanamume huanza kwa wepesi kisha zinajaa. Ukitoboa matundu mapya kujaza mapengo, inamisha sindano kuelekea upande ambao nywele zitalala. Na kabla ya kufika utosini, mtazame mtoto wa kiume kwa nyuma: nywele zinazunguka kutoka sehemu moja. Uige mzunguko huo. Hapo ndipo kichwa kinapoacha kufanana na brashi.

Mama pale nyuma anauliza kwa nini tusipande nywele zikiwa tayari fupi. Fupi hazifungiki fundo, mama, wala hazichaniki. Panda ndefu, chana kuelekea zitakakolala, funga kwa kitambaa, mwagia maji ya moto, kisha ya baridi, uache zikauke ndani ya kitambaa hichohicho. Nyuzi hazivumilii joto sawa, kwa hiyo jaribu kwanza kwa shungi la pembeni.

Mkasi unakuja mwisho kabisa. Usikate kwa mstari mnyoofu. Simamisha ncha ya mkasi, upunguze kidogo kidogo, kisogoni kwanza, mbele baadaye. Kisha pasha kichwa tena kwenye maji ya moto, ukirudishe shingoni.