Jua Letu Halisubiri Chapati

Shikamooni wakubwa. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga safari ya kupiga picha za mandhari Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanaonijua wanajua nitakachosema, basi wanivumilie: kabla hujauliza gari ni shilingi ngapi, uliza utalala wapi.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, tulitoka hapa Mtwara watu sita. Tukapanda mpaka Kibiti, tukakunja kwenda kijiji cha Mloka, tukalala huko nje ya geti la hifadhi kwa sababu ya bei. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi. Jua la mwezi wa saba upande ule huchomoza kama saa 12 na dakika 40. Kwa hesabu za karatasi, tumeshinda! Lakini dereva tuliyemkodi hanywi chai bila chapati, na chapati zenyewe, jamani, zilikuwa bado unga. Mama anakanda, mimi natazama mashariki. Zikaiva. Akaomba ya pili. Halafu vibali, halafu mwendo wenyewe. Tunafika Ziwa Nzerakera saa 2. Ile miti ya mivumo ya kandokando ya maji, niliyoiota mwaka mzima, imepauka kama vijiti vya mishikaki. Nilipiga picha 200. Ukutani kwangu haipo hata moja.

Kuna mtu ataniambia, mzee, saa 2 bado ni asubuhi. Ndiyo, asubuhi ya kwenda benki. Mnajifunza mtandaoni kwa watu wa Norwei, ambako jua la kiangazi linatambaa ukingoni mwa mbingu kama mtu asiyetaka kuaga. Letu linapanda karibu wima, nyuzi 14 au 15 kwa saa. Ule mwanga wa rangi ya chungwa unaoutaka wewe ni dakika 25 hivi. Ukianza kukoroga sukari, umekwisha.

Na mtu wa pwani asinishangae. Mama zetu hawaendi kuchokoa pweza maji yamejaa. Wanahesabu mwezi, wanasubiri bamvua, siku maji yanapotoka mbali kabisa, wanakuwa wameshafika mwambani maji yakitoka. Sijamwona hata mmoja akimlaumu pweza.

"Kulala ndani ni ghali." Sikatai. Lakini kuna maeneo ya kupiga hema, na mimi afadhali usiku mmoja ndani kuliko mitatu Mloka. Punguza siku. Punguza na watu! Katika wale sita, wanne walitaka simba. Simba analala hata saa 20 kwa siku. Mkimpata ni mgongo wa kahawia chini ya kichaka, na gari zima linaganda pale kumsubiri apige miayo. Mtaka simba na mtaka mandhari wasichangie gari. Mmoja wa wale wanne ni shemeji yangu, na tangu safari ile salamu zetu ni za kwenye misiba tu.

Naoneshwa saa. Haya, haraka. Ndani ya gari tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, haina kazi, na kushuka ovyo hairuhusiwi. Shona mfuko, ujaze choroko, uulaze dirishani, dereva azime injini, kamera ikae juu yake. Nimesema choroko, si korosho. Korosho zitaliwa kabla hamjafika Somanga. Kwenye boti ya Rufiji ongeza kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, maana boti haitulii. Droni bila kibali iache nyumbani. Septemba kuna moshi wa nyika unaofuta vilima. Wapo wanaoupenda, mimi hapana. Masika kambi nyingi hufungwa, na barabara yetu ya kaskazini mnaikumbuka Mei 2024 ilivyokatwa na mvua, sina haja ya kueleza zaidi.

Nilitaka niseme na habari za wilaya ya Liwale, maana hifadhi ile ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000 inaingia mpaka huko mkoani Lindi, na sisi bado tunaizungukia Pwani. Siku nyingine.

Wewe kijana unayeuliza ununue kamera gani: usinunue kwanza. Kesho nenda ufukweni Shangani, hapa hapa Mtwara, kabla ya saa 12, iegemeze simu yako kwenye jiwe, upige picha kila dakika 5 mpaka saa 1 na nusu. Usiondoke hapo hata ukiitwa chai. Kisha niletee zote, tuone ni zipi unaweza kumpa mtu azitazame bila wewe kumweleza kitu.