Hii ni Moto ao ni Kinga? Mazungumzo juu ya Baiskeli za Umeme Barabarani

(Yalitolewa mbele ya vijana na wazazi katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi)

Jambo yenu. Jambo wamama, jambo wababa, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaongoja basi, sogeeni mbele. Viti vipo.

Nianze na mtu wa rulaji, yaani polisi wa barabarani. Nilikuwa natoka upande wa Kasapa, niko juu ya kinga yangu ya umeme. (Kama kuna mgeni wa Dar es Salaam hapa asishangae: huku kwetu kinga ni baiskeli, na moto ni pikipiki.) Polisi akanyoosha mkono, nikasimama. Akaizunguka mara mbili, akainama, akaigusa betri iliyofungwa kwenye fremu. Akaniuliza, "Papa, hii ni moto ao ni kinga?"

Nikamjibu, "Shefu, ni kinga."

"Kinga gani iko na betri?" Akaomba permi (leseni), bima na namba.

Tulibishana kidogo, akaniachilia. Njiani nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Lakini usiku nilipokaa nikaona kijana yule ameuliza swali zuri kuliko jibu langu. Wabunge wa Ulaya na Marekani wamekuna vichwa juu ya swali hilo hilo, na kila nchi ikatoka na jibu lake.

Sheria yetu ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Nchi yetu imejiunga pia na Mkataba wa Vienna wa 1968, ule wa mataifa juu ya kanuni za barabara. Mkataba ule unasema baiskeli ni chombo chenye magurudumu mawili au zaidi kinachoendeshwa na nguvu ya misuli ya waliopanda peke yake. Lishikeni hilo neno, peke yake. Kisha ukaeleza ile tuliyoiita mobileti: injini ya kuchoma mafuta isiyozidi sentimita za ujazo 50, mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Haya, leteni kinga yangu. Misuli ipo, lakini haiko peke yake. Mota ipo, lakini haichomi mafuta. Imekuwa kama mtoto wa Kasumbalesa, mama upande huu wa mpaka, baba upande ule.

Wazungu walitokaje hapo? Umoja wa Ulaya uliweka masharti matatu yanayokwenda pamoja. Mota isizidi wati 250. Isaidie tu wakati miguu inakanyaga pedali. Na ikifika kilomita 25 kwa saa iache kusaidia, anayetaka zaidi atoe jasho lake. Ukitimiza yote matatu, wewe ni mwendesha baiskeli kama mwingine yeyote, bila namba wala permi. Zipo nyingine zinazosaidia mpaka kilomita 45, na hizo Ubelgiji wanazidai namba, permi na kaske (kofia ngumu), na mwenyewe awe ametimiza miaka 16. Marekani walikuwa wakarimu zaidi: mota mpaka wati 750, na majimbo mengi yamezigawa katika madaraja matatu, moja likiruhusu hata gesi ya mkono, ya kwenda bila kukanyaga pedali, mradi isipite maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. China wameweka kilomita 25, na uzito wa chombo chote pamoja na betri ukawekewa kikomo nao.

Mimi katika hayo yote nachukua swali moja, na hili ndilo ningempa yule kijana wa rulaji kama ningekuwa na akili siku ile: ukiinua miguu, inaendelea? Kama inaacha kukusaidia, basi bado wewe ndiye injini, mota ni mtu anayekusukuma mgongoni. Kama inaendelea kwa kukunja kifundo cha mkono tu, ndugu yangu, hiyo ni moto, hata ukiifungia pedali nne. Kwa hiyo mwenye hiyo ya mkono asiseme ameonewa akidaiwa kaske, bima na namba kama manseba wengine, wale wa pikipiki za abiria. Mimi ningemdai.

Na hapa nina neno na mafundi, maana nawaona wawili wamekaa pale wakicheka. Kinga nyingi za Ulaya zina kibandiko kwenye fremu, mara nyingi karibu na pedali: kimeandikwa EN 15194 (ndiyo kanuni ya Ulaya ya kutengeneza kinga za umeme), wati 250, kilomita 25. Kibandiko hicho ndicho kitambulisho chake. Halafu kijana anakuja kwako, anasema, "Fundi, ifungue, ikimbie zaidi." Unaingia kwenye kile kiskrini cha usukanini, unakuta ukubwa wa gurudumu umeandikwa inchi 26, unaandika 20. Umemaliza, unalipwa. Kompyuta ya kinga sasa inahesabu mizunguko ya gurudumu dogo ambalo halipo. Yenyewe inaona 25, barabarani ni 32 na nusu. Kibandiko bado kinasema 25. Siku ya ajali, hicho kibandiko kitakuwa shahidi wa uongo, na aliyemfundisha uongo ni wewe.

Lakini sheria ya kwenye karatasi siyo iliyoniumiza mimi. Niwaeleze.

Barabara ya Kasenga, asubuhi. Mama anavuka na beseni la nyanya kichwani. Aliangalia kushoto, akaniona. Nina hakika aliniona, macho yetu yalikutana. Aliona kinga, na katika maisha yake yote kinga inakwenda mwendo wa mtu mwenye njaa anayerudi kazini. Akapima kwa mwendo huo, akaingia barabarani. Nami nilikuwa nakuja kwa 25 bila sauti yoyote, hata ya mnyororo. Nilikamata freni, nikamkosa yeye, usukani ukapiga beseni. Nyanya zikatawanyika mpaka kwenye mfereji. Tukaokota pamoja, yeye akinitukana, mimi nikisema pole mama, pole mama. Nililipa beseni zima.

Sikuwa nimevunja kifungu chochote. Nilikuwa upande wangu wa kulia, bila kupita kikomo hata cha Ulaya. Lakini mama alipima umbo, hakupima mwendo. Tangu siku ile mtu akinitazama najiambia, huyu ameona kinga ya babu yake, na napunguza.

Niwaonyeshe kwa miguu. (Hapa msemaji alitembea hatua saba ndefu mbele ya viti.) Mnaona hapa nilipofika? Karibu mita saba. Hizo ndizo unazokwenda kwa sekunde moja ukiwa na 25, kabla hata vidole havijagusa freni. Ukiwa na 45 ni mita 12 na nusu, ningekuwa nimetoboa ukuta huu, niko kwa padri. Na nguvu ya kugonga haiongezeki kidogo kidogo: kutoka 25 kwenda 45 inapanda zaidi ya mara tatu.

Kwa hiyo vile vifungu vya baiskeli tunavyovicheka vina kazi. Mkataba wa Vienna unadai freni inayoshika, kengele, taa nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi chekundu nyuma. Kengele! Kinga ya babu ililia yenyewe, madgadi na mnyororo vikipiga kelele kutoka Ruashi mpaka mjini. Yako hailii, basi ilize wewe. Mkataba unakataza pia kuachia usukani mikono yote, kujikokotesha kwa gari, na kubeba mzigo unaokuzuia kuendesha au kuhatarisha wengine. Najua mnawafikiria wababa wa makala (mkaa) wa njia ya Likasi, na magunia yao yaliyopita kichwa. Wao wengi wanaisukuma kwa miguu. Ukiweka gunia kama lile juu ya mota, freni zilizotengenezwa kwa mtu mmoja zitakuambia ukweli kwenye mteremko.

Kwenye makutano yasiyo na alama wala polisi, anayetoka kulia kwako anapita kwanza. Hata kama ni mkokoteni.

Jambo la mwisho la barabarani ni la mji wetu. Sisi tunaendesha kulia, lakini basi ndogo nyingi zimetoka Japani na usukani kulia. Mlango wao wa kuteleza umewekwa kushoto, kwa ajili ya nchi ambako kushoto ndiko kwenye kando. Hapa kwetu unafunguka katikati ya barabara. Basi likisimama, wewe unalipita kushoto kimya kimya na mota yako, na abiria anaruka na mfuko wa unga moja kwa moja mbele ya gurudumu. Yeye hana macho mgongoni. Acha nafasi ya mlango na mtu, au ngoja nyuma.

Betri nitaisema haraka. Kuna watakaowaambia kobalti, yale madini ya betri tunayochimba kwetu Kolwezi, imerudi nyumbani ndani yake. Huenda, ila za bei nafuu nyingi ni za risasi au za lithiamu na chuma, hazina hata chembe ya kobalti. Umeme ukirudi saa nane usiku msiichajie kwenye korido ambayo ndiyo njia yenu pekee ya kutokea, wala kwa shaja ya kuazima. Mji wa New York ulilazimika kutunga sheria mwaka 2023 juu ya betri zinazouzwa humo, kwa sababu ya moto. Na hapo moto nasema ule wa kuunguza.

Sasa tutoke nje. Kinga yangu iko chini ya mwembe, yule anayeuliza kama inapanda mlima atangulie. Mafundi, ninyi mtafute kibandiko, kisha fungueni kiskrini mnisomee ukubwa wa gurudumu kwa sauti, maana niliinunua kwa mtu na sijawahi kuangalia.