Mwacheni Mtoto Aizamishe Sindano

Shikamooni wakubwa, walimu vijana, hamjambo. Hili nimelisema Ujiji, nimelisema Kasulu, na leo nalirudia hapa Kigoma mjini kwa sababu bado naliona kwenye madaftari ya watoto: "Sindano inaelea kama mtumbwi unavyoelea ziwani." Na mwalimu kaweka vema. Jamani, vema ya nini?

Chukueni bakuli la maji. Lazeni kipande cha karatasi ya chooni juu ya maji, na juu ya karatasi sindano ya kushonea. Karatasi italowa, isukumeni chini taratibu kwa njiti ya kiberiti. Sindano inabaki. Sasa inameni, jicho liwe usawa wa maji. Mtaona maji yamebonyea chini yake kama godoro alilolalia mtoto mchanga. Darasa linapiga makofi, na hapo wengi wetu tunafuta ubao.

Somo ndiyo kwanza linaanza! Mwambie mtoto aizamishe kwa kidole. Inakwenda chini moja kwa moja, hairudi. Mpe kijiti akizamishe vilevile: kinaibuka. Nyamaza, waache wabishane. Mtumbwi unabebwa na maji unayoyasukuma kando. Sindano ni chuma, uzito wake unakaribia mara nane ya maji ya ujazo uleule. Nguvu hiyo peke yake haiiwezi. Kinachoishikilia ni uso wa maji. Chembe za maji huvutana, na zile za juu kabisa hazina wenzao wa kuzivuta kwenda juu, basi uso unajikaza kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Huo ndio mvutano wa uso.

Atainuka mtoto mkorofi aulize, hiyo ngozi iko wapi, mbona nikichota maji siioni? Msimkalishe. Yuko sahihi kuliko mfano wetu. Ngozi haipo, ni maji yaleyale. Ndiyo maana ukiyatoboa kwa kidole yanajifunga papo hapo, na ngoma ikitoboka imetoboka.

"Shule yetu haina maabara." Hili linanichosha kuliko yote. Agnes Pockels, binti wa Kijerumani, aliuchunguza uso wa maji jikoni kwao, kwa chombo cha bati, enzi ambazo vyuo vikuu vya nchini kwake havikupokea wanawake. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Sisi tunashindwa na bakuli?

Tena Kigoma tuna sabuni ya mawese kila nyumba. Gusisha kidole chenye sabuni pembeni mwa bakuli, mbali na sindano. Inazama ghafla, hujaigusa! Sabuni inaweza kuushusha mvutano hadi chini ya nusu. Ndiyo maana maji ya sabuni hupenya kwenye nguo upesi. Mtoto anayefua shati lake Jumamosi atawaelewa.

Lilikuwepo na jaribio la kudondosha matone ya maji juu ya sarafu ya shilingi mia, lakini naona muda umekwisha. Kwa ufupi: kila mtoto akisie sarafu itabeba matone mangapi bila maji kumwagika, na aandike idadi kabla tone la kwanza halijadondoka. Darasani kwangu walikisia sita, saba. Tulipita ishirini.

Mabakuli yako pale dirishani. Yasuuzeni mara tatu kwanza, maana yameoshwa kwa sabuni asubuhi, na sindano haitakaa.