Panda ya Manati Kwenye Ncha ya Mzizi

Ndugu zangu, karibuni. Mbao laini tunazopaulia nyumba hapa Dar, nyingi zinashuka kutoka Sao Hill, Mafinga. Ni za msonobari, au paini kama tulivyozoea, na aina iliyoenea kule, Pinus patula, asili yake ni Meksiko. (Mvinje wa ufukweni si ndugu yake, hata kama majani yanafanana.)

Msonobari haustawi bila kuvu mizizini. Ndiyo maana wenye vitalu huchanganya kwenye viriba udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa. Sasa umechana kiriba, umekuta utando mweupe. Ni ugonjwa? Kuna kitalu niliona wakiumwagilia dawa ya kuvu. Miche ikadumaa, majani yakawa ya zambarau kwa njaa ya fosforasi, kwa sababu kuvu iliyokuwa ikiichotea miche imeuawa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo, kabla ya dawa, beseni. Loweka mche mpaka udongo uachie wenyewe, usiuvute, kisha shika lenzi ya kukuza mara 10. Mzizi wenye kuvu rafiki ni mfupi, mnene, hauna vinyweleo, na mara nyingi umegawanyika mfano wa panda ya manati. Mzizi uliooza hulegea. Ukiuvuta kidogo ganda linavuka kama soksi, unabaki uzi wa katikati. Rangi isikuharakishe: kuvu iitwayo Cenococcum geophilum ni nyeusi tii, yenye nywele ngumu, na ni rafiki.

Ukikata kipande chembamba kwa wembe ukakiweka chini ya hadubini, utaona kuvu imeuvika mzizi ala, kisha ikapenya katikati ya seli bila kuziingia. Wavu huo unaitwa wa Hartig, kwa jina la Theodor Hartig, Mjerumani. Ila Wilcoxina, kuvu mkazi wa vitaluni, huingia hadi ndani ya seli.

Kutaja jina la kuvu kwa macho tu ni kubahatisha. Thelephora terrestris, iliyozoeleka mno vitaluni, inachanganywa na nyingine. Hapo tunasoma vinasaba, eneo liitwalo ITS, linalotofautiana kati ya kuvu na kuvu. Mwaka 1993 kilichapishwa kianzio ITS1-F, yaani kipande kifupi cha vinasaba cha kuanzishia unakili wa eneo hilo, kinachoipendelea kuvu na kuuacha mti. Bila hicho unaweza kujikuta unasoma vinasaba vya msonobari wenyewe.

Beseni liko hapa mbele, na miche mitatu. Mmoja umeoza. Njooni mniambie ni upi.