Wiki sita za simu, barua pepe moja

Habari zenu, jamani. Leo nimekaa jikoni, mwanga si mzuri, mtanivumilia. Mtoto yuko shule, ndiyo saa pekee ya kulisema hili la kuhangaika mpaka apimwe masikio. Uso wake hamtauona, jina hamtalisikia. Mtoto wa malezi ya kambo, yaani uliyekabidhiwa na halmashauri umlee, haanikwi mtandaoni.

Dada yangu aliniuliza: "Mtoto unaishi naye, sasa ruhusa unamwomba nani?" Huku Uingereza mimi namlea, lakini mamlaka ya mzazi sina. Yako kwa wazazi wake, na mahakama ikishatoa amri ya malezi, halmashauri nayo inayapata. Hata kumnyoa nywele, unaangalia kwanza makubaliano kama umeachiwa uamue. Siku ya kwanza nilicheka. Sicheki tena, nywele zile ni za mama yake pia.

Sasa, masikio. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, kimya. Shuleni wakasema mtundu, hafuati maelekezo. Jioni moja nikasimama nyuma ya kiti chake, nikamwita mara tatu. Nikazunguka mbele. Akanitazama mdomoni, akauliza, "Ulikuwa unaniita?"

Daktari akaniambia rufaa ya kupima masikio ilishatumwa zamani. Kumbe barua za miadi zilikuwa zinakwenda nyumba aliyokaa kabla ya kuja kwangu! Hakutokea, jina likafutwa kwenye orodha. Wiki sita nampigia afisa ustawi wake. "Nalifuatilia." Akaja mwingine, tukaanza upya. Nikapandisha sauti, na hapo ndipo nilipojiharibia: mazungumzo yakatoka kwenye masikio ya mtoto yakahamia mdomo wangu.

Aliyeniokoa ni afisa wangu mimi. Mtoto ana wake, mlezi naye ana wake, na wengi wetu hatumtumii. Akaniuliza, "Umeandika nini?" Daftari la kila siku ninalo, ila nilikuwa naandika "leo tena hasikii, nimechoka". Hiyo haimsaidii mtu. Nikabadilisha: Jumanne, saa moja jioni, nimemwita mara tatu nikiwa hatua mbili nyuma yake, hakugeuka. Mnaona? Halafu barua pepe fupi: nilichokiona, mpango wake wa afya ulisema nini, naomba nini na kufikia lini. Nakala kwa afisa wangu na meneja wa timu.

Nyingine nikamtumia afisa huru wa mapitio, anayekagua kama mpango wa malezi ya mtoto unafuatwa. Huyu analipwa na halmashauri hiyohiyo, sawa, lakini hayumo kwenye mlolongo wa wanaosimamia kesi. Kikao cha kwanza cha mapitio hufanyika ndani ya siku 20 za kazi tangu mtoto aingie kwenye malezi, cha pili ndani ya miezi 3, kisha isipite miezi 6. Jambo likiungua usingoje kikao, mwandikie. Aliuliza swali moja tu: nani anapiga simu hospitali, na lini? Jina likaandikwa, tarehe ikaandikwa.

Ingeshindikana, ningelalamika rasmi. Sheria ya Watoto ya 1989 inampa mlezi wa kambo haki hiyo. Hatua ya kwanza hujibiwa ndani ya siku 10 za kazi, 20 kama jambo ni gumu. Usiporidhika kuna uchunguzi, kuna jopo, na mwisho mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa. Ila usikae nalo zaidi ya miezi 12. Wenzangu huogopa: "Ukilalamika watamchukua mtoto." Naielewa hofu hiyo, mimi pia sikulala. Lakini naona anayekaa kimya ndiye anayepata shida siku akiulizwa, "Ulijua, ulifanya nini?" Na msichanganye: ukishuku mtoto anaumizwa, hilo si la kulalamikia kwa hatua, unapiga simu siku hiyohiyo.

Alipimwa. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Karatasi ya upasuaji alisaini mama yake, mimi nilishika koti. Asubuhi ya pili baada ya kurudi, amekaa hapa hapa nilipokaa, kaacha kijiko hewani.

"Anti, hilo friji siku zote linanguruma hivyo?"