Msako Humkamata Asiyekimbia

Asalaam aleykum, wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, viti vipo.

Nianze na msako wa polisi hapa Malindi. Usiku panga zimetoka, kesho yake alasiri lori linasimama maskani. Nani anapandishwa? Wacheza bao, bodaboda anayesubiri abiria, na muuza mahamri aliyeogopa kuiacha karai ya mafuta motoni. Mwenye panga yuko Mambrui kwa shangazi yake tangu alfajiri.

Sasa sikilizeni ya Boston, Marekani. Katikati ya miaka ya 1990, mtafiti David Kennedy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichukua majina ya watu 155, wa miaka 21 kushuka chini, waliouawa kwa bunduki au kisu kati ya 1990 na 1994. Hawakugawa dodoso. Walikaa chumba kimoja na polisi, maafisa wa probesheni na watu wanaoshinda na vijana mitaani, wakauliza jina kwa jina: huyu aliuawa kwa nini? Wakatandaza ramani mezani, kila genge likachorewa mpaka wake.

Yakatoka magenge 61, watu kama 1,300, hawafiki asilimia 1 ya vijana wa mji. Lakini angalau asilimia 60 ya mauaji yale yaliwahusu wao. Na mengi hayakuwa ya biashara ya unga. Yalikuwa visasi: ulimpiga ndugu yetu, nasi zamu yetu.

Mwaka 1996 watu wa magenge wakaitwa wenyewe, wakaambiwa uso kwa uso: mkiacha, msaada huu hapa; mmoja wenu akipiga risasi, genge zima litaandamwa kwa kila kosa, hata la bia barabarani. Mauaji ya vijana yakashuka kwa asilimia 63. Wapo wanaobisha kwamba miji mingine nayo ilikuwa ikitulia wakati huo, na hoja yao ina uzito. Ila Boston ilipolegeza, miaka ya 2000, maiti ziliongezeka tena.

Mimi ile fimbo ya "genge zima" siitaki Malindi. Hapa mtaa mzima tayari unachapwa. Ninachokitaka ni ile meza na ile ramani.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja aliyekaa hapa mbele amenitajia vijana wanne kwa lakabu zao, na nani ana kisasi na nani. Nikamuuliza, "Kituoni wamewahi kukuuliza, mzee?"

Akacheka, akanivutia kiti.